Jiwe Bichi la Kilwa

Nahodha alikataa kuondoka mpaka maji yaanze kujaa. Zilikuwa siku za bamvua. Bahari ya Kilwa Masoko ilikuwa imekupwa mbali, mashua imelala ubavu mchangani, na watoto wanaokota kombe mahali ambapo jioni iliyotangulia maji yalinifika kifuani. Nikavua viatu, nikafuata ufuko mpaka pale mchanga unapokatika na genge la mawe kuanza.

Genge hilo si refu. Mtu mzima akinyoosha mkono anakaribia kuigusa kingo yake. Lakini chini limeliwa. Mawimbi, chumvi na wadudu wa baharini wanaojichimbia mwambani wamelikwangua kwenye usawa wa maji, hata sehemu ya juu ikatokeza kama upenu wa nyumba. Niliingia chini ya upenu huo nikasimama kivulini. Macho yalipozoea, nikaona kwamba ukuta wote uliokuwa mbele yangu ni matumbawe. Moja lina mikunjo kama ubongo, jingine ni matawi yaliyolaliana kama mzigo wa kuni, na baina yao yamo makombe ya chaza yaliyofumba, yamegeuka jiwe pamoja na mchanga uliokuwa umeyazunguka. Viumbe hao walikuwa hai kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ilipokuja kushuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Mvua ikaupitia, ikayeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale, mpaka vipande vyote vikashikana. Jiwe la namna hiyo ndilo lililo chini ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, na ndilo linalochimbwa Wazo, Dar es Salaam, kutengenezea saruji tangu miaka ya 1960. Pwani yetu, kwa sehemu kubwa, imekaa juu ya mgongo wa mwamba uliokufa.

Nimekulia Tanga, katika nyumba ya kuta nene za mawe na chokaa. Bibi yangu alikuwa na kikopo kidogo cha chokaa kwenye sahani yake ya tambuu, akiipaka kwenye jani kwa ncha ya kidole kabla ya kutia popoo. Kidole hichohicho alikipitisha ukutani akitaka kujua kama mvua ya usiku imeingia. Nimekuja Kilwa kwa sababu ya kidole kile. Nataka kuuona mji ambao kazi hii ya mawe na chokaa ilifikishwa kileleni, na kuutazama kwa karibu, jiwe kwa jiwe.

Kutoka gatini hadi Kilwa Kisiwani ni kiasi cha kilomita mbili. Maji yaliporudi tukatweka tanga, na kusi ilikuwa ya kutosha. Kinachoonekana kwanza ni Gereza, jengo la pembe nne lililokaa karibu na maji, rangi yake kati ya kijivu na waridi kwa kutegemea jua liko wapi. Wareno walijenga ngome hapo 1505, mwaka walioingia kwa nguvu na kuupora mji. Walikaa mpaka 1512. Baadaye sana, kiasi cha 1800, Waomani wakalijenga upya, na hilo ndilo linalosimama leo. Nasema linalosimama, lakini upande wa baharini sehemu yake imekwenda. Mawimbi yamekula msingi kama yalivyokula lile genge la Masoko, na ukuta uliokuwa juu ukaanguka kipande kwa kipande. Bandubandu huisha gogo.

Kijana mwenyeji aliyeniongoza alitaka kunipeleka moja kwa moja msikitini. Nikamwomba tusimame kwanza kwenye ule ukuta uliovunjika, kwa sababu ukuta mzima hauonyeshi ulivyotengenezwa. Hapa tumbo lote lilikuwa wazi. Ndani yamo mawe makavu ya nchi kavu, yale ya magengeni, yenye makali na matundu, yamerundikwa bila mpango mkubwa. Katikati yake imemiminwa chokaa iliyochanganywa na mchanga, nyeupe, na humo mnaonekana vipande vya makaa vya ukubwa wa punje ya mtama. Nje palipigwa lipu, nayo imebaki kwa viraka.

Yale makaa ndiyo alama ya tanuri ya chokaa. Mzee mmoja tuliyemkuta ameketi chini ya mbuyu akisuka kamba alinieleza kazi ile alivyoiona utotoni. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasogeza miguu ili nipate kivuli.

"Kwanza unapanga magogo, duara, ya mkoko na ya mnazi, unayapandisha kama kitanda," alisema. "Mawe juu. Katikati unaacha tundu la kutilia moto. Unachoma ukiutazama upepo. Moto ukivutwa upande mmoja, mawe ya upande wa pili yanabaki mabichi, na kazi yako yote imekwisha hapo."

"Na baada ya moto, mzee?"

"Baada ya moto unaiachia mvua, mwanangu. Chokaa haitaki haraka."

Nilimwelewa kwa sababu nimesoma kidogo habari za kemia ya jambo hili, na naona kemia yake ni nzuri kama hadithi. Tumbawe hujenga nyumba yake kwa kalsiamu na hewa ukaa inayoipata katika maji ya bahari. Ukilichoma kwa moto mkali, hewa ukaa inatoka na kinachobaki ni chokaa kali inayounguza ngozi. Ukiitia maji inafoka, inatoa joto, inapasuka ikawa unga. Halafu ukiijengea, pole kwa pole inaivuta tena hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe lilelile la mwanzo. Kwa hiyo ukuta wa Kilwa umeshikana kwa tumbawe lililovunjwa, likachomwa, likajiunga upya ndani ya mfuo wa mwashi. Kazi hiyo ya kuvuta hewa huchukua miaka mingi katika ukuta mnene. Mwashi aliyeujenga alikufa kabla chokaa yake haijamaliza kugeuka jiwe.

Msikiti Mkuu uko hatua chache kutoka hapo. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 na ya 12, ndogo, na mihrabu yake inatazama kaskazini kama ilivyo misikiti ya pwani hii. Sehemu ya kusini, kubwa zaidi, ilijengwa kwanza na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ikaja kujengwa upya karne ya 15. Ukiingia humo hatua za miguu zinabadilika sauti. Nguzo za pembe nane zimesimama safu baada ya safu, juu yake matao, na juu ya matao kuba na mapaa ya mviringo, mengine mazima, mengine yamefunguka kuonyesha mbingu. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa 1331, aliuhesabu mji huu miongoni mwa iliyo mizuri kabisa.

Wageni hupiga picha za matao. Mimi nilikwenda kwenye pembe za nguzo na kingo za milango, kwa sababu huko ndiko jiwe linapobadilika. Mawe ya tumbo la ukuta yana makali na hayachongeki vizuri. Lakini penye kingo, penye tao, penye mihrabu, mwashi ameweka jiwe jingine kabisa, jepesi, la punje ndogo zilizo sawasawa, lililokatwa kwa mstari ulionyooka hata leo. Nikasogeza uso. Lote limejaa vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, maelfu, kila kimoja kina umbo la nyota ndogo. Kila kitundu kilikuwa makao ya mdudu mmoja wa tumbawe.

Hilo ndilo jiwe bichi. Halikuchimbwa nchi kavu. Lilikatwa baharini likiwa hai, kutoka kwenye matumbawe makubwa ya mviringo yanayoota penye maji ya kiasi. Likiwa limelowa ni laini, tezo inaingia, patasi inafuata mkono. Likikauka linakuwa gumu na halikubali tena kuchongwa kwa urahisi. Kwa hiyo fundi wa nakshi hakuwa na siku zote za dunia. Jiwe lilitolewa majini maji yakiwa yamekupwa, likabebwa kwa chombo, likachongwa kabla jua na upepo havijalishika. Kila mstari ninaouona kwenye kingo hizi ulichorwa na mtu aliyekuwa akishindana na ukavu.

Nilipima jiwe moja la nguzo iliyoanguka. Upana wake shubiri tatu. Matumbawe ya aina hii hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka, basi jiwe lile peke yake lilihitaji miongo kadhaa kuota kabla mtu hajaliona, akaamua linatosha, akalikata. Umri wa mtu mzima umelala pale majanini, na mjusi anaota jua juu yake.

Hapa nitasema linaloniuma. Habari za Kilwa zikisimuliwa huwa habari za masultani, za dhahabu ya Sofala iliyopitia bandari hii, za sarafu za shaba walizozipiga, za vigae kutoka China. Yote ni kweli na ni makubwa. Lakini mji haukujengwa na dhahabu. Ulijengwa na watu waliojua ratiba ya maji kama wajuavyo swala zao: siku gani bamvua itafunua mwamba, tumbawe gani lina ngozi safi isiyoliwa na kombe, magogo gani yanatoa moto wa kutosha, wiki ngapi chokaa ilale kabla ya kuguswa. Wapo waliozoea kusema kwamba majengo haya yaliletwa na wageni, kama kwamba yalipakuliwa melini. Ujuzi wa jiwe bichi hauletwi melini. Unapatikana kwa mtu aliyezaliwa hapa, babake na babu yake wakivua juu ya mwamba uleule. Majina ya masultani tunayo. La yule mpiga mbizi hatuna hata moja.

Ushahidi wa ujuzi huo uko pia mbali na Kilwa. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti ambao mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, herufi zake zimetoa majani na maua mwishoni. Yamechongwa katika tumbawe. Nimeyaona mara mbili, na mara zote mbili nimeshangaa jinsi ncha zilivyobaki kali. Siri ni kwamba yako ndani, chini ya paa. Chokaa haiogopi miaka, inaogopa maji yanayoingia na kutoka. Mvua huchukua hewa ukaa angani ikawa na ukali kidogo, na ukali huo mdogo unatosha kuyeyusha uso wa jiwe. Chumvi ya upepo wa baharini huingia vitunduni, maji yakikauka inaganda na kutanuka, ikausukuma uso wa jiwe mpaka unapukutika. Halafu ndege anadondosha mbegu ya mtini juu ya paa.

Karibu na Msikiti Mkuu kuna msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, ambao paa lake limedumu vizuri kuliko majengo mengine yote ya mji. Ndani yake, katika dari, zipo alama za mviringo mahali yalipopachikwa mabakuli ya kung'aa. Nililala chali sakafuni kuzitazama. Sakafu ilikuwa baridi, na kijana wangu akacheka kidogo, kisha naye akalala. Vyumba vya nyumba za kale za pwani vilikuwa vyembamba, kiasi cha mita tatu au chini yake, kwa sababu urefu wa boriti la mkoko ndio uliokuwa mpaka wa chumba. Kuba ndiyo njia ya kumtoa mwashi katika amri ya mti. Lakini hata hapa hakwenda mbali. Kila kuba imekaa juu ya nafasi ileile ndogo, kama kwamba mkono ulikuwa bado unalikumbuka boriti.

Nje, mafundi wa ukarabati walikuwa wameacha shimo la chokaa lililofunikwa kwa makuti. Nilifunua kidogo. Ilikuwa imelala chini ya maji, laini kama mtindi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia tao lolote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Kutoka katika orodha ni jambo jema. Lakini linaloamua kama ukuta utaishi ni kilichomo katika karai la fundi.

Najua kwa kuwa nimeona kwetu. Baada ya bibi kufariki, familia ilimleta fundi, mtu mwema na mwenye bidii, akapiga lipu ya saruji nyumba nzima. Ilipendeza. Miaka michache baadaye kuta zikaanza kutoa jasho, rangi ikabambuka, kisha lipu ikaanguka kwa mabamba makubwa, na nyuma yake mawe yenyewe yamegeuka unga. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, na hairuhusu unyevu kutoka. Maji yanayoingia kwa juu au kwa chini yanabaki yamefungiwa pamoja na chumvi yake, na jiwe laini ndilo linalolipa. Lipu ya chokaa ni dhaifu makusudi. Inapitisha unyevu, inachakaa kabla ya jiwe, unaipaka tena kila baada ya misimu kadhaa. Bibi alilijua hilo kwa kidole.

Mchana tulitembea kuelekea mashariki, kwa njia ya mchanga kati ya mibuyu na mashamba ya mihogo. Watu wanaishi hapa. Kisiwa si jumba la makumbusho. Tuliombwa tupumzike penye kisima, tukapewa maji. Yalikuwa matamu, na hilo nalo ni kazi ya mwamba. Mvua hupenya jiwe lenye matundu ikakaa chini, maji baridi yakielea juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Anayechimba kisima kirefu mno anaupita utamu akafika kwenye chumvi.

Husuni Kubwa liko juu ya genge, linatazama baharini. Al-Hasan bin Sulaiman alilijenga kati ya kiasi cha 1310 na 1333, jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye nyua, ngazi, ghala na birika la kuogea la pembe nane. Lilipatikana hapa jiwe lililochongwa maandishi yenye jina la sifa la mfalme, al-Malik al-Mansur. Nilikaa ukingoni mwa birika, sasa limejaa majani makavu. Wachimbuzi wanaona kwamba jumba hili halikukamilishwa, na ukitazama kwa utulivu unaliamini hilo: mahali pengine nakshi imeshikwa kwa makini ya ajabu, hatua kumi mbele ukuta uko mtupu.

Kutoka ukingoni nikachungulia chini. Genge la Husuni lina upenu uleule ulioliwa. Sultani alijenga juu ya mwamba uliokufa, kwa mawe ya mwamba uliokufa, akayashika kwa mwamba uliochomwa, akayapamba kwa mwamba aliouua kwa ajili hiyo. Sina neno la kumlaumu kwa hilo. Watu walikuwa wachache na mwamba ulikuwa mpana. Karne ya 20 mambo yalikuwa mengine: Mafia na Mikindani matumbawe hai yalivunjwa kwa mitaimbo, yakapakiwa kwa malundo, yakachomwa chokaa ya nyumba za kawaida, na mahali palipovunjwa samaki wakapungua na ufuko ukabaki bila ukuta wa kuuzuilia mawimbi. Leo ni marufuku, na naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, ijapokuwa maana yake ni kwamba nakshi ya jiwe bichi haitachongwa tena. Mafundi wa ukarabati hutumia mawe yaliyoanguka. Penye uso ulioliwa naomba wauache ulivyo, wauzibe kwa chokaa tu, wasijaribu kuiga mkono wa mtu ambaye hatuwezi tena kumpa jiwe la kuchonga.

Songo Mnara, yenye nyumba zake zaidi ya 30 na misikiti mitano, ilinishinda siku ile. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma na nahodha alikuwa akiniita.

Tuliondoka maji yakipwa, jua likiwa chini. Karibu na kingo ya mwamba upepo ukalala, mashua ikasimama, na kijana akainua nanga ya jiwe aitupe tusichukuliwe na mkondo.

"Siyo hapa," nahodha akasema. "Ngoja mchanga."

Akachukua upondo, akaisukuma mashua mwenyewe taratibu. Nikainama ubavuni. Maji yalikuwa safi kama kioo cha taa, na chini yake yalikuwa yamekaa mafungu makubwa ya mviringo, kahawia yenye kijani, jingine pana kuliko mashua yetu, samaki wadogo wakiingia na kutoka kwenye kivuli chake.

"Ndiyo hayo yalokuwa yakichongwa," akaniambia, naye akausogeza upondo pembeni usiyaguse.